Posa ya Novemba: Mwongozo kwa Anayetaka Kuwahi Harvard na Wenzake

Kwanza hongera. Kama kinachokunyima usingizi ni kuamua uombe chuo kikuu cha Marekani Novemba au usubiri Januari, basi maswali mengine yote ya maisha umeshayamaliza: ada ya mtihani imelipwa, luku haijakata, na pale nyumbani hakuna anayekuuliza utaanza lini kujitegemea. Mwongozo huu ni wako. Ni wa mama mdogo wako pia, yule aliyekuingiza kwenye kundi la WhatsApp la nafasi za ufadhili, na ambaye kila Jumapili hutuma picha ya mtoto wa watu aliyekubaliwa Yale, bila neno lolote, ameweka tu ile mikono miwili ya kushukuru.

Jua unaapa nini

Vyuo vya Marekani vinavyokataa watu wengi kuliko vinavyopokea (na heshima yao inatokana na huko kukataa) huwa na madirisha mawili ya udahili. Dirisha la kawaida hufungwa mwanzoni mwa Januari na majibu hutoka mwishoni mwa Machi. Dirisha la mapema hufungwa Novemba 1 kwa vyuo vingi, na majibu hutoka katikati ya Desemba. Mpaka hapo ni suala la kalenda tu. Shughuli inaanza kwenye aina za huko kuwahi.

Aina ya kwanza wenyewe huiita Early Decision. Sisi tutaiita maombi ya kiapo, maana ndivyo yalivyo. Chukulia ni posa. Unapeleka barua nyumba moja tu, na ndani ya barua unaapa kwamba wakikukubali utaoa, utavunja mazungumzo na nyumba nyingine zote, na mahari utakayotajiwa utaitoa. Mahari yenyewe inatajwa baada ya kukubaliwa. Wao kwa upande wao wamepokea barua za wachumba maelfu na hawajaapa chochote kwa yeyote. Kuna hati kabisa ya kiapo hicho, na inawekwa saini na watu watatu: wewe, mzazi wako, na mwalimu anayesimamia maombi yako, ambaye ndiye mshenga ingawa hakuna aliyemwambia. Columbia, Brown, Cornell, Dartmouth, Pennsylvania, Duke, Northwestern na Johns Hopkins vyote hupokea posa za namna hii.

Aina ya pili haina kiapo. Unawahi, unajibiwa mapema, na ukikubaliwa una hadi Mei 1 kufikiria. Hii ni nzuri mno, na kwa hiyo vyuo vinavyotamaniwa kuliko vyote vimeiwekea kipingamizi. Harvard, Yale, Princeton na Stanford havikufungi uvichague, ila vinakukataza kuomba mapema kwenye chuo kingine binafsi cha Marekani. Ni kama kuambiwa: si lazima utuoe, lakini tusikuone ukipita mtaa wa pili kabla ya Krismasi. Vyuo vya serikali unaruhusiwa, na vya nje ya Marekani pia, ilimradi navyo visiwe na kiapo. Kwa maneno mengine unaweza kuomba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au cha Nairobi bila Harvard kuona wivu. Chukua hilo utakavyo.

Hesabu kabla hujahesabiwa

Ukienda kwa mtaalamu wa maombi, yule mwenye ofisi yenye kiyoyozi, bendera ndogo ya Marekani mezani na bei za dola, atakugeuzia kompyuta ujionee mwenyewe. Kwa darasa lililoanza Harvard mwaka 2024, walioomba mapema walikuwa 7,921, na Desemba wakakubaliwa 692, yaani karibu asilimia 9. Msimu mzima maombi yalikuwa 54,008 na waliokubaliwa 1,937, asilimia 3.6. Ukiwatoa wale wa Desemba, zinabaki nafasi 1,245 kwa watu zaidi ya 46,000, chini ya asilimia 3. "Mara tatu," atasema mtaalamu, halafu atanyamaza ili hiyo mara tatu ikukolee.

Usimuulize hao 692 ni akina nani. Utamharibia siku.

Nitakwambia mimi. Ile kesi ya udahili dhidi ya Harvard, iliyoishia Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2023, ilifungua mafaili ambayo chuo kisingeyafungua kwa hiari. Ikaonekana kwamba wanamichezo walioteuliwa na makocha hukubaliwa kwa kiwango cha kama asilimia 86, na watoto wa wahitimu wa hapo hapo kwa kama asilimia 33. Watu wa aina hii ndio wateja wakubwa wa dirisha la mapema. Mwanamichezo anaambiwa na kocha awahi. Mtoto wa mhitimu anaambiwa na baba yake, mezani, tangu akiwa darasa la tano. Ukiwaondoa wote hao kwenye hesabu, asilimia 9 ya mtaalamu inapungua sana, na wewe mtoto wa Ukerewe unabaki na kitu kisicho mbali na nafasi ya Januari. Na usije ukasema nawe ni mwanamichezo. Michezo inayozungumzwa hapo ni pamoja na skwoshi, vitara na makasia, na kuvuka ziwa kwa mtumbwi kila Jumatatu kwenda shule hakuhesabiki kuwa makasia, ingawa kunafaa sana kwenye insha.

Sitaki nidanganye upande wa pili lakini. Kuwahi kuna faida, hasa kwenye vyuo vya kiapo. Mwaka 2003 Christopher Avery, Andrew Fairbanks na Richard Zeckhauser walichapisha kitabu walichokiita The Early Admissions Game, baada ya kuchambua maombi ya vyuo 14 vya hadhi ya juu, wakasema kuwahi kunamwongezea mwombaji nafasi kama vile angepata alama 100 zaidi kwenye mtihani wa SAT. Alama 100! Kuna watu hulala na vitabu vya SAT miezi sita wapate hamsini.

Na sababu si kwamba Novemba watu wa udahili huwa na roho nzuri. Chuo kikikubali kijana wa Machi, huenda akachagua kwingine, na kiti kikabaki wazi. Chuo kikikubali kijana wa kiapo, kina uhakika atakuja, atakuja bila kulinganisha ofa, na atakuja bila kuuliza kwa nini chuo jirani kinatoa msaada mkubwa zaidi. Ndiyo maana chuo kama Pennsylvania kimekuwa kikijaza karibu nusu ya darasa kwa njia hiyo. Alama zako 100 ni malipo ya kukubali kutouliza bei, na hilo mtaalamu hatalitaja, maana yeye bei yake umeshaiuliza na umeshailipa.

Wenyewe wanajua. Septemba 2006 Harvard ilitangaza kwamba inaacha kabisa dirisha la mapema, ikisema linawapendelea wenye uwezo. Princeton ikafuata ndani ya wiki moja, na Chuo Kikuu cha Virginia nacho kikaingia. Kisha wakakaa kusubiri wengine wafuate. Yale haikufuata. Stanford haikufuata. Vijana wazuri wakawa wanachukuliwa Desemba na majirani, na mwaka 2011 Harvard na Princeton wakarudisha dirisha lao, safari hii kwa maelezo kwamba kuwahi kunawasaidia hata wasio na uwezo. Virginia nayo ilirudisha kwanza kuwahi kusiko na kiapo, na mwaka 2019 ikarudi kwenye kiapo chenyewe. Toba ya watu wazima ina muda wake.

Mahari

Hapa tutakaa kidogo.

Gharama ya mwaka mmoja kwenye vyuo hivi, ada, chakula na malazi, inazidi dola 80,000. Kwa shilingi za Tanzania ni kama milioni 200, kwa za Kenya ni zaidi ya milioni 10, na hapo ni mwaka mmoja kati ya minne. Kama familia yako inaweza kulipa hizo bila kuuza kitu, acha kusoma, nenda kaape. Maombi ya kiapo yalitengenezwa kwa ajili yako, na sisemi hivyo kwa kejeli.

Kama haiwezi, kuna fomu. Inaitwa CSS Profile, na inataka kujua familia ina nini ili chuo kiamue kitoe nini. Huanza kwa adabu: jina, tarehe ya kuzaliwa, uraia. Baadaye inauliza nyumba mnayoishi ina thamani gani leo.

Baba anavua miwani.

"Nani anataka kuinunua?"

"Hakuna, baba. Ni swali tu la chuo."

"Chuo kina shida na nyumba?"

"Hapana. Wanataka kujua tuna uwezo gani."

"Waambie tuna uwezo wa Mungu. Endelea."

Swali linalofuata linataka mwaka ambao nyumba ilipatikana na bei yake. Nyumba ya baba ilianza mwaka 1998 kwa tofali za kuchoma, ikapauliwa mwaka ule wa mavuno mazuri, na chumba cha nyuma mpaka leo hakina sakafu. Fomu ina nafasi ya tarakimu nne tu za mwaka. Kisha mapato. Kuna ekari tatu za mihogo Handeni, kuna pikipiki iliyopewa kijana alete hesabu kila jioni na ambaye jioni nyingine huleta maelezo, kuna ng'ombe wanne ambao mmoja wao tayari ni ada ya mdogo wako. Kuna na shangazi aliyeko Muscat, anayetuma pesa anapoweza. Shangazi ni mapato, au ni shangazi? Fomu haina kisanduku cha swali hilo, na mama anaonya kwa sauti ya chini kwamba lolote litakaloandikwa lisije likafika Muscat.

Ushauri wangu: andika ukweli, kadiria palipo pa kukadiria, na eleza kwa maneno pale kwenye nafasi ya maelezo ya ziada, maana ipo na wasomaji wa ofisi za misaada huisoma. Nenda kwa mtendaji akuandikie barua ya kipato, igongwe muhuri, itafsiriwe. Muhuri wa duara una nguvu mpaka Massachusetts.

Sasa sikiliza jambo ambalo lingepaswa kuwa aya ya kwanza ya kila mwongozo wa namna hii, nami nimelichelewesha kwa sababu ungelisoma juu juu. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin na siku hizi Brown havimhukumu mwombaji kwa kuomba msaada wa fedha, hata akiwa mgeni asiye raia. Vyuo vingi vilivyobaki, pamoja na vinavyopenda sana posa za kiapo, kwa mgeni huangalia. Mfuko wako unakaa mezani pamoja na alama zako. Na vingi kati ya hivyo vina kanuni kwamba mgeni ambaye hakuomba msaada wakati wa kuomba nafasi asije akauomba baadaye. Kwa hiyo ile mbinu ya mjomba ("ingia kwanza, mambo ya hela yatajulikana mbele kwa mbele") iache ibaki kwenye harusi zenu.

Utaambiwa kwamba kiapo kina pa kutokea: chuo kikikupa msaada usiotosha, unaruhusiwa kujitoa bila lawama. Ni kweli. Lakini hesabu siku. Unakubaliwa katikati ya Desemba. Mnabishana na ofisi ya msaada kwa barua pepe, wao wakiwa wanaelekea likizo. Unaachiwa huru karibu na Krismasi. Unabaki na siku chache za kuandika maombi mengine yote ya Januari, kila moja na insha zake, huku nyumba imejaa wageni na wewe ndiye unayetumwa soda. Waliojiandaa huwa wameziandika insha hizo mapema, wakaziweka. Hujajiandaa, usiniulize.

Na ukijitoa bila sababu ya fedha, kwa kuwa tu umeona kuzuri zaidi? Kiapo hiki hakina polisi. Hakuna atakayekufuata Mbagala. Ila vyuo vilikuwa na tabia ya kupeana orodha za majina ya vijana waliokwisha kuapa, mpaka mwaka 2018 Wizara ya Sheria ya Marekani ikaanza kuuliza kama huko si kuhujumu ushindani. Na hata bila orodha, lipo jina la shule yako na la mwalimu aliyeweka saini. Mwakani anakuja mdogo wako kutoka shule ile ile.

Kalenda isiyokujua

Dirisha la mapema lilipangwa na watu ambao mwaka wao wa shule unaanza Septemba, na mwalimu wao wa ushauri kazi yake ni hiyo tu kutwa. Likaletwa kwetu bila kupunguzwa wala kuongezwa.

Chukua kijana wa Kenya wa kidato cha nne. Novemba 1 anayotakiwa kubonyeza kitufe cha kutuma ndiyo ile ile ya mtihani wa taifa, KCSE. Leo insha ya maneno 650 kuhusu jambo lililomfanya awe yeye, kesho karatasi ya hisabati. Kama yuko bweni, kompyuta ziko kwenye maabara, maabara ina kufuli, na mwenye ufunguo anasimamia mtihani. Kwa hiyo wengi husubiri matokeo, wanakaa mwaka mzima, kisha ndio wanaomba. Mradi wa KenSAP, ulioanza mwaka 2004, umejengwa juu ya ukweli huo: unachukua waliofaulu sana KCSE, unawakusanya Iten kule kwenye wakimbiaji, na kuwanoa kwa SAT na insha kabla msimu haujafika.

Tanzania kuna namna yake. Ukiomba ukiwa bado kidato cha sita, uko kwenye shule ambayo simu ni kosa la kufukuzwa, na mfumo wa maombi unataka kukutumia tarakimu za uthibitisho kwenye simu hiyo hiyo. Ukisubiri umalize, unafanya mtihani Mei, unaitwa jeshini, JKT, unarudi ukiwa mweusi na mwenye nidhamu, matokeo yamekuwa mazuri, na Novemba inakukuta sebuleni na kompyuta ya kuazima wakati wenzako wako chuoni Mlimani mwaka wa kwanza. Hapo utajua majirani. "Huyu si ndiye alipata daraja la kwanza? Mbona yuko nyumbani?" Mama atajibu kwamba unashughulikia mambo ya Marekani. Jirani atasema "aaah," ile ndefu.

Anayesoma shule ya kimataifa ya Nairobi au Masaki hayajui haya. Shule yake ina mshauri wa vyuo, alama zake za makadirio ziko tayari tangu Oktoba, SAT amefanya mara mbili, na rasimu ya insha imepita mikono minne. Kwake kuwahi ni kufika kwa wakati.

Bado mshenga. Chuo kinataka barua ya mwalimu, nayo inataka habari za kukutofautisha wewe na wengine wote. Mwalimu wa taaluma ni mtu mwema, amewahi kukulipia nauli, na barua anayoijua ni moja: mwanafunzi huyu ni mtiifu, ni msafi, hajawahi kuhusika katika kosa lolote la kinidhamu, tafadhali apewe ushirikiano unaostahili. Kwa Mtanzania hiyo ni sifa kubwa. Kwa msomaji wa Boston ni taarifa kwamba umeachiwa kwa dhamana. Mkalie mwalimu mapema, Agosti hivi, na mkumbushe ile siku jenereta lilipokataa ukalifungua ukalitengeneza, na kidato cha tatu wakapata kufanya jaribio la fizikia. Akiandika hiyo tu, na akasahau kabisa usafi wako, umepona.

Mapenzi ya kweli

Maombi ya kiapo yanataka uwe na chuo unachokipenda kuliko vyote duniani, na ueleze kwa nini kwenye insha ya ziada. Hujawahi kufika. Umeona video ya majani mekundu yakidondoka na binti akicheka na kikombe cha kahawa. Hayo ni mapenzi ya kutosha. Ndoa nyingi zimeanza kwa kidogo kuliko hicho. Ila usiandike majani. Tafuta mwalimu wa pale anayefanya kazi unayoitaka, soma kitu kimoja alichoandika, kielewe. Ukikosa hata mmoja anayekuvutia, umeokoa kiapo.

Uamuzi

Mtaalamu atakuuzia jedwali la safu kumi na mbili. Mimi naona mambo yanakwenda hivi.

Kama pesa si shida na chuo unakijua, apa Novemba. Ni biashara nzuri, na pengine ndiyo pekee katika mwongozo huu ambayo mnunuzi anajua anachonunua.

Kama pesa ni shida, na kwa msomaji wangu nadhani ndiyo shida yenyewe, usiape mahali ambapo mfuko wa mgeni unahesabika, hata wakuambie nafasi zinaongezeka mara saba. Kama maombi yako yameiva, wahi kwenye moja ya vile vyuo vinne visivyo na kiapo, maana hupotezi kitu zaidi ya haki ya kuwahi kwingine. Dartmouth na Brown vina kiapo lakini havihukumu mfuko. Hapo mzee na mama wakae na namba kwanza. Makadirio ya gharama yaliyoko kwenye tovuti za vyuo, mengi yametengenezwa kwa familia za Marekani na hayajui mihogo, kwa hiyo iandikie ofisi ya msaada na uulize. Wanajibu. Ni watu.

Kama maombi hayajaiva, subiri Januari. Insha nzuri ya Januari inaishinda insha ya Novemba iliyoandikwa usiku kati ya karatasi ya kwanza na ya pili ya kemia. SAT ya Desemba yenye alama nzuri inaishinda ya Oktoba uliyoikimbilia, ukasafiri usiku kucha kwenda kituo cha mkoa mwingine. Nalisema hili nikijua hutanisikiliza, kwa sababu mtoto wa mama mdogo wako anawahi, na hakuna hoja duniani inayomshinda binamu.

Usiku wa majibu

Kwa muda wa kutuma, vyuo vinavyotumia fomu ya pamoja ya maombi (Common Application) vinakuhurumia: mwisho ni saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za pale ulipo, si za Marekani. Kwa majibu hakuna huruma. Saa moja jioni ya Boston mwezi Desemba ni saa tisa usiku ya Dar es Salaam. Weka kengele, nunua bando la usiku maana ni rahisi, na usimwambie mtu. Utamkuta mama yuko macho sebuleni, amefunika bega kwa kanga, anasema alikuwa anatafuta maji.

Majibu ni matatu. Kukubaliwa, unajua la kufanya, na mama mdogo ataachia ile mikono miwili asubuhi kabla hujaswaki. Kukataliwa, unalala. La tatu ni kuahirishwa: hatukukatai, hatukukubali, tutakuangalia tena pamoja na wa Januari. Harvard huahirisha wengi mno. Stanford hupendelea kukataa moja kwa moja, na baadhi ya watu huko wanaona huo ndio ungwana. Ukiahirishwa, andika barua moja fupi ya kusema bado unakitaka chuo, na ueleze jipya lililotokea tangu Novemba. Kama hakuna jipya, usilitengeneze. Usitume keki. Wapo waliotuma.

Halafu, kabla hujapoa, mtaalamu atapiga simu kukukumbusha posa ya pili. Vyuo kadhaa, Chicago kikiwamo, hupokea kiapo tena Januari, majibu Februari, kwa waliokosa nyumba ya kwanza. Utashangaa jinsi chuo ambacho Oktoba kilikuwa cha nne kwenye orodha yako kinavyoweza kuwa kipenzi cha roho ifikapo Desemba 18. Masharti ni yale yale ya mahari, kwa hiyo rudi juu ukasome tena habari za mfuko, kisha kama bado unataka, zinahitajika saini tatu nyingine. Yako unayo. Ya baba utaipata ukimkuta ameshiba. Ya mwalimu wa taaluma ndiyo kazi, kwani shule imefungwa na yeye yuko kwao Kibosho kwa ajili ya sikukuu, mtandao unapatikana upande mmoja tu wa shamba la migomba. Mpigie kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo huwa kwenye mbege, na akiwa huko husaini chochote, lakini si kwa jina lake.